Msichimbe Kabla Hamjaiona Ramani

Nkubu, Meru
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Kwanza nakuuliza goti. Rasoa aliniambia siku hizi unainuka kitini kwa kushika ukuta, na kwamba ile dawa ya kupaka uliyopewa hospitali imekwisha. Nauliza pia kifua, nauliza usingizi, nauliza kama unakula vizuri. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini hapa unauma kwa kila mtu, kwa hiyo siuiti ugonjwa.

Rasoa dada yangu, wewe ndiwe utakayesoma. Soma yote, usirukeruke, na usisome ukiwa umesimama. Mkalishe Mama vizuri. Mwite Baba mdogo Ambani aje akae pia, hata kama bado ana hasira na mimi. Ndani ya bahasha kuna karatasi kubwa iliyokunjwa. Msiikunjue kwanza. Nitawaambia wakati wake.

Mama, Nashon, kifungua mimba wako, yuko hai. Neno hili naliweka mbele kabisa ili usikae ukiningoja. Nimemwona kwa macho yangu Jumapili iliyopita, na leo asubuhi nimetoka kwake tena. Nimeshika mkono wake. Anakula, anatembea, anaongea sana kama zamani. Rasoa, hapa pumzika kidogo, mpe Mama maji.

Sasa niseme juu ya simu ya jana. Nilisema, "Sijamaliza kutafuta, msichimbe," halafu mkadhani laini imekatika. Haikukatika, niliikata mwenyewe. Nilikuwa nimemsikia Baba mdogo nyuma yako, Rasoa, akisema, "Mwaka jana alituambia amemaliza. Leo anasema hajamaliza. Huyu anatuchezea. Ijumaa tunachimba, Jumamosi tunazika mgomba, na kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu." Ushahidi wangu haupiti kwenye simu. Simu yako ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, haipokei picha, na hata ingepokea, angesema kwamba siku hizi matapeli wanatengeneza picha za watu na sauti zao pia. Siwezi kumlaumu. Mama mwenyewe hasikii simu vizuri, na nilijua nikimwambia jambo kama hilo kwa kupiga kelele, jirani wote watasikia kabla yake. Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika. Barua hii anaileta Wafula, mtu wa Lugari ninayechimba naye mtaro. Anaondoka kesho alfajiri kwenda kumsaidia mama yake kuvuna mahindi, na ameniapia kwamba atapita Khwisero kwanza, aiweke mkononi mwenu. Mpeni chai. Akikataa kipande cha tatu cha ugali, msimsumbue, tumbo lake si zuri.

Baba mdogo ana haki ya kuniuliza kwa nini aniamini sasa. Kwa hiyo nitaeleza nilikosea wapi, bila kujipamba.

Mnaikumbuka barua ya mwisho ya Nashon, ile ambayo Mama ameiweka ndani ya Biblia na panya wakala kona. Imebaki na maneno machache tu yanayosomeka. Anasema yuko Wilaya ya Meru Kusini, anachimba mawe karibu na mto, atakuja Krismasi. Hakuja. Mwaka uliofuata Baba akafa, na mimi niliyekuwa mtoto wa shule nikasimamishwa kwenye kaburi mahali pa kifungua mimba, nikatupa udongo wa kwanza. Baada ya hapo sikurudi darasani. Hayo mnayajua.

Kampuni yetu ilipopata kazi ya kulaza mabomba ya maji huku Meru, nilifurahi kuliko wenzangu wote, na hawakujua sababu. Nilijiambia kwamba kwa kuwa nina Jumapili ya kupumzika, nitatafuta kila Jumapili mpaka nimpate. Lakini mimi si mtu wa kusoma sana. Nilihitaji kitu cha kunionyesha nimetoka wapi na nimebakisha wapi. Hapa Nkubu kuna saiba, duka la kompyuta, ya mwanamke anayeitwa Mama Kendi, mtu mzima, mnene, mwenye mdomo. Nikamwambia anitolee ramani ya Kenya kwenye mashine.

"Ya kisiasa ama ya milima na mito?" akaniuliza.

"Mimi sitaki siasa. Nataka ya kutafuta mahali."

"Wewe! Ya kisiasa ndiyo yenye mipaka ya kaunti. Ukitaka mlima, toka nje utazame juu, uko hapo bure."

Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Zilikuwa nyingi, Mama, sikujua nchi moja inaweza kuwa na sura nyingi hivyo. Nikachagua ya rangi kwa sababu ilikuwa nzuri, kila kaunti na rangi yake kama kitambaa cha meza. Kakamega ilikuwa ya kijani. Nikaikunja nikaweka mfuko wa shati, nikaenda kazini. Siku mbili baadaye jasho lilikuwa limeilowesha, Meru imemwagikia Isiolo, na pale nilipoandika kwa biro juu ya rangi hapaonekani kitu. Nikarudi nayo. Mama Kendi akacheka mpaka akashika meza.

"Hii ni ya ukutani. Mtu wa kufanya kazi na ramani anachukua ya mistari mitupu. Unataka yenye majina ama isiyo na majina?"

Nikatazama yenye majina. Huko kwetu kaunti ni ndogo na zimebanana, majina yamepandana, Vihiga limesukumwa hadi ziwani. Nikachukua isiyo na majina, ile ambayo watoto wa shule hupewa wajaze. Nikakaa pale saibani, nikanakili majina kwa mkono wangu kutoka ile kubwa iliyobandikwa ukutani kwake, polepole, moja baada ya jingine. Ndipo nikaijua nchi hii, Mama. Nilikuwa sijui kutoka kwetu hadi hapa mtu anapita kaunti ngapi. Halafu nikamwomba aikuze, ikatoka katika karatasi nne, nikazigandisha kwa uji wa unga wa ngano. Kwenye pembe nikachora mshale wa kaskazini, na chini nikaandika maana ya alama zangu. Jembe ni mahali tunapochimba. Msalaba mdogo ni mahali nilipouliza habari za Nashon nikakosa.

Nikatafuta Meru Kusini kwenye ramani. Haikuwepo. Palikuwa na Meru tu, moja, kubwa. Nikasema basi, Meru Kusini ni upande wa kusini wa Meru, kama vile mtu wa Kakamega kusini ni mtu wa kusini mwa Kakamega. Nikauzungushia mstari upande huo, na tena tulikuwa tumepiga kambi papo hapo. Nikaona Mungu amenirahisishia.

Mwaka mzima, Mama. Kila Jumapili. Nilipita kila shimo la mawe, kila kanisa lenye watu wa kuja, kila soko. Nilinyeshewa, nilifukuzwa na mbwa, nilikula githeri kwa watu nisiowajua. Nikiuliza, nilisema tu, "Mnamjua Mluhya anaitwa Nashon, mtu wa mawe?" Zaidi ya hapo sikusema. Niliona aibu kusema kwamba ni ndugu yangu wa tumbo moja, kwamba amepotea tangu nikiwa mtoto, kwamba tuna barua. Watu wangeniuliza, "Ninyi ni watu gani, mnapoteza mtu namna hiyo?" Hata Mama Kendi, niliyemwona kila wiki, sikumwambia. Nilimwacha adhani natafuta mtu wa kufanya naye biashara.

Misalaba ikajaa ndani ya ule mstari. Ndipo nikapiga simu nikasema yale maneno: "Meru Kusini nimeimaliza. Hayuko." Na juu ya maneno hayo Baba mdogo akaita ukoo, mkakubaliana tuzike mgomba mahali pake, ili Mama apate mahali pa kulia na shamba lipate kugawanywa.

Nitasema jambo moja ambalo ni gumu, na Rasoa usiliruke. Niliposema nimemaliza, nilikuwa nimechoka. Lakini haikuwa uchovu peke yake. Nilijua kwamba Nashon akihesabiwa kuwa amekufa, ile sehemu yake ya shamba, ile ya chini karibu na mto iliyokaa na nyasi miaka hii yote, ingekuwa yangu. Nilishaanza kuota nyumba yangu ikiwa hapo. Nilijiuliza kama mlango utazame njia au utazame mto. Sikudanganya, nilikuwa nimetafuta kweli. Lakini sikuuliza swali la pili, na nadhani sikuliuliza kwa sababu la kwanza lilinitosha. Baba mdogo anaposema nawachezea, aniseme kwa hilo.

Miezi miwili iliyopita tuliambiwa tuandikishwe upya kazini, kila mtu alete nakala ya kitambulisho, mbele na nyuma. Nikaenda kwa Mama Kendi. Alipogeuza kadi yangu ili apige upande wa nyuma, akasoma kwa sauti.

"Wilaya, Butere/Mumias. Divisheni, Khwisero." Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe si uliniambia ni mtu wa Kakamega?"

"Ndiyo."

"Hapa pamesema Butere/Mumias. Mko wawili?"

"Hiyo ni ya zamani. Kabla ya kaunti. Siku hizo tulikuwa Butere/Mumias, sasa tuko Kakamega."

"Mbona kwenye ramani yako hukuiandika?"

"Haiko tena," nikamwambia.

Mama, nilipotoa maneno hayo, nilishindwa kupokea kadi kutoka mkononi mwake. Nilikuwa nimetembea na kadi hiyo mfukoni mwaka mzima, imekaa mgongo kwa mgongo na ramani, na sikuwahi kufikiria. Kama wilaya yetu ilifutwa na watu wake wakahesabiwa mahali pengine, basi Meru Kusini pia ilikuwa wilaya, na Nashon aliandika siku za wilaya. Mimi nilimtafuta kwenye karatasi ya siku za kaunti.

Nikakaa kwenye benchi nikamwambia Mama Kendi yote. Yote, hata habari za mgomba. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akapandisha sauti.

"Mwaka mzima unakuja hapa, unakunywa maji yangu, na hukuniambia? Mama yangu mzazi ni wa Chuka! Meru Kusini ilikuwa ni Chuka, hakuna mtu mzima wa hapa asiyejua. Hiyo siku hizi ni kaunti nyingine kabisa, ni Tharaka-Nithi. Mwanaume, ungefungua mdomo wako tu!"

Akarudi kwenye kompyuta, akatafuta ramani ya zamani, ile ya mikoa na wilaya. Akazitoa zote mbili kwa ukubwa mmoja, ya zamani na ya sasa, karatasi mojamoja. Nikahamishia misalaba yangu kwenye ile ya sasa. Tukaenda mlangoni penye kioo, jua likiwa kali nje, tukaweka moja juu ya nyingine tukazibana kwa viganja. Mwanga ukapita katikati ya zote mbili. Mistari mingine ilikaa juu ya mingine sawasawa, kama mshono. Mingine ilikataa. Nikaiona Wilaya ya Meru Kusini imekaa chini, nje kabisa ya kaunti ya Meru, na misalaba yangu yote ikiwa upande wa juu wa mpaka. Hakuna hata mmoja ulioingia ndani yake. Nilikuwa nimetembea mpaka ukingoni, nikarudi.

Tangu siku hiyo najua kwamba ramani huulizwa umri kwanza. Mwaka huandikwa chini, kwa herufi ndogo, na mimi sikuwahi kuinama kusoma.

Basi nikaanza upya. Jumapili zingine mvua ilinizuia, na zingine tulifanyishwa kazi. Sokoni Chuka niliwauliza mafundi wanaojenga nyumba za mawe mawe yao yanatoka wapi, na safari hii nilisema wazi: namtafuta kaka yangu, tumempoteza, mama yetu anataka kuzika mgomba. Hakuna aliyenicheka. Fundi mmoja mzee aliacha kazi akanichorea njia kwa mkaa kwenye ubao, kuteremka upande wa Tharaka kwenye joto, hadi machimbo yaliyo kando ya mto.

Nilifika kama saa nne. Ni shimo kubwa, watu wengi wamekaa chini ya vibanda vya magunia wanavunja kokoto. Nyundo zilikuwa zikilia pamoja hata mtu asisikike. Nilisimama ukingoni sijui nianze na nani. Kisha nikasema kwa nguvu zangu zote, kwa lugha yetu, "Mulembe!"

Nyundo moja ikanyamaza.

Zingine ziliendelea. Nikarudia. Mtu mmoja upande wa mbali, mwenye kofia ya sufu katika joto lile, akainua kichwa lakini hakunitazama, alitega sikio kama kuku. "Mulembe muno," akajibu. "Ni nani huyo?"

Nikashuka. "Ni mtoto wa Khwisero."

"Khwisero ina watoto wengi."

"Ni Jotham."

"Wewe si Jotham. Jotham ni mtoto."

"Jotham ana mvi sasa," nikamwambia.

Akanyoosha mkono akanishika uso, akapitisha vidole vyake vya mawe kwenye ndevu zangu. Mama, jicho lake la kulia limefungwa, lilipigwa na kipande cha jiwe. La kushoto linaona kivuli tu. Anavunja kokoto kwa kusikia. Akasema, "Kweli umezeeka vibaya," na wote wawili tukacheka, halafu hatukucheka tena kwa muda mrefu.

Ana mke, mjane wa huko aliyemwoa, anaitwa Kaari. Ni mwanamke mwema. Alinipikia ugali kwa kujua sisi ni watu wa ugali, ukawa mwepesi kama uji, nikaumaliza. Nashon akasema, "Huyu nimemfundisha miaka kumi, obusuma bado imemshinda." Mama, Kaari alimjibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Na wewe nimekufundisha kunyamaza miaka kumi, umeshindwa vilevile." Nilimpenda hapo hapo.

Nilikuwa nimekuja na hasira. Siwafichi. Miaka yote nilijiambia kwamba nikimpata nitampiga kwanza, ndipo nimsalimie, kwa sababu ya shule, kwa sababu ya udongo nilioutupa nikiwa na kaptura. Nikamwuliza kwa nini hakuja. Akaniambia alikuja.

Alikuja, Mama. Mwaka mmoja baada ya Baba kufa. Alishuka Khwisero sokoni na mfuko wake na blanketi alilokununulia wewe. Hakuwa na habari ya msiba. Mwanamke aliyekuwa akiuza omena, ambaye siku hizi ni marehemu, akamwona akasema mbele ya watu, "Nashon, umekuja kumzika nani? Mzee wenu alizikwa na mtoto wa shule." Watu wakageuka kumtazama. Akasimama pale. Anasema aliweza kuuona moshi wa jiko lako upande ule wa mto. Akaila ndizi moja aliyokuwa amenunua, akageuka, akarudi Meru siku ileile na blanketi lake. Kila mwaka ulivyopita, anasema, njia ilizidi kuwa ndefu. Kisha jicho likaharibika, akaona sasa hata akija atakuwa mzigo tu.

Nikamweleza juu ya mgomba na Jumamosi. Akainamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anafikiri.

"Mgomba gani?"

"Ule wa nyuma ya jiko. Baba mdogo ameshaufunga kamba nyekundu."

"Ule niliupanda mimi," akasema. "Chipukizi nililitoa kwa Kuka, babu yetu, nikalibeba begani. Sasa mnataka kunizika na mgomba wangu mwenyewe?" Akacheka mpaka Kaari akaja kuuliza kuna nini, na akaelezwa, na yeye hakucheka.

Baba mdogo, sasa naongea na wewe kwa heshima. Najua utasema maneno haya yote ningeweza kuyatunga. Nilimwambia Nashon hivyo hivyo, kwamba utataka ushahidi. Akaniambia nikuulize juu ya shimo la choo la kanisa, na kamba ya kisima, na suruali iliyochomwa usiku ule ili Mama mdogo asiione. Alisema ulimwapisha asimwambie mtu yeyote hadi kufa, na kwa kuwa wewe ndiye unayetaka kumzika, ameona kiapo kimefika mwisho wake. Mimi sijui maana yake. Wewe unajua. Kama si kweli, chimbeni.

Kama ni kweli, nakuomba jambo. Nashon anataka kuja, lakini anaogopa kuingia boma la baba yake kama mtu anayetoka sokoni. Anauliza aanzie wapi. Apite kaburini kabla hajamsalimia Mama, au baada? Aje mchana watu wakimwona, au asubuhi? Nani amshike mkono? Kuna kitu cha kuchinjwa? Wewe ndiwe mkubwa wa ukoo uliyebaki, na neno lako ndilo analolingoja. Wafula atarudi baada ya wiki mbili, mpe jibu lako. Sema ukali wowote unaotaka, lakini sema aje. Ile sehemu ya chini ni yake. Nimemwambia hivyo, nawe nimekuandikia hapa kwa mkono wangu, mbele ya Mama, ili nisije nikageuka.

Sasa salamu. Msalimie mke wangu, Rasoa, na umwambie kwamba nyumba tutajenga pale juu penye mawe, asikasirike, mawe tumepata mtaalamu wake. Msalimie mumeo, shemeji yangu, kwa kumpeleka Mama hospitali mara zote ambazo mimi sikuwepo. Msalimie mama mdogo, mke wa Baba mdogo, na kama anauliza habari za suruali, mimi sikusema kitu. Msalimie mzee wa kanisa aliyekuwa amekubali kuja kuomba Jumamosi, mwambie aje tu, maombi bado yanahitajika. Msalimie jirani anayetukatia majani ya ng'ombe.

Rasoa, sasa kunjua karatasi. Iweke juu ya meza mbele ya Mama, mshale uelekee juu. Mwongoze mkono wake.

Mama, upande wa kushoto, huo mviringo ni ziwa. Juu yake kidogo nimeweka nukta tatu nene kama mafiga. Hapo ni jikoni kwako. Wacha kidole hapo kwanza. Sasa kipeleke kulia polepole. Utapita mistari mingi, yote ni mipaka, usiijali. Katikati nimechora mlima. Nyuma ya mlima kuna misalaba midogo imerundikana kama siafu. Hizo ni Jumapili zangu za mwaka mzima. Sasa shuka chini, uvuke mstari mmoja tu.

Hapo pana doa la buluu. Hilo si langu. Leo asubuhi nilimshika Nashon kidole nikakipitisha kwenye karatasi hii, kutoka kwenye mafiga hadi mahali alipo, kama ninavyokupitisha wewe. Akapima kwa mkono wake. Akasema, "Ni shibiri moja tu?" Halafu akaomba biro yangu, akaivunja kwa meno, akajipaka wino kwenye dole gumba, akaniambia nimwonyeshe mahali penyewe. Akabonyeza, akakaa akibonyeza muda mrefu hata nikafikiri karatasi itatoboka.

Weka dole lako hapo juu yake, Mama. Wino umekauka, hautakuchafua.

Na baadaye, wakati wowote mtakapokuwa tayari, Baba mdogo aende nyuma ya jiko afungue ile kamba.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Jotham